Mchanga wa plenti usiingie kwenye nyumba za watu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo linaloendelea huku kwetu Geita. Mimi ni fundi mwashi. Kazi zangu nyingi nimezifanya Katoro, Buseresere na vijiji vya jirani. Miaka ya karibuni tumeanza kuletewa saiti mchanga unaotoka kwenye mitambo ya kuchenjua dhahabu, wenyewe tunauita mchanga wa plenti. Unapigiwa plasta, unamwagwa sakafuni, unafyatuliwa tofali, na watu wanahamia humo na watoto wao. Nasema wazi kwamba mchanga huo hautakiwi kuingia kwenye nyumba ya mtu, na wa kwanza kuukataa tuwe sisi mafundi.

Kwa msomaji anayeishi mbali na machimbo, nieleze unavyopatikana. Jiwe likitoka kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji, linasagwa kwenye karasha mpaka liwe unga. Unga huo unaoshwa kwenye mwalo, yaani sehemu ya kuoshea, na dhahabu inakamatwa kwa zebaki. Mabaki ya hapo ndiyo marudio. Bado yana dhahabu ambayo zebaki haikuishika, kwa hiyo hayatupwi. Mwenye mwalo anamuuzia mwenye plenti. Plenti ni matangi makubwa ya saruji. Marudio yanajazwa humo na kulowekwa kwa siku kadhaa kwenye maji yenye sianidi, kemikali ya sumu inayoyeyusha dhahabu, maji yanapitishwa kwenye kaboni inayonasa dhahabu, na mzigo ukishaisha vijana wanaingia na makoleo kuutoa nje. Kinacholundikwa nyuma ya matangi ndicho ninachokizungumzia. Milima hiyo ukipita barabarani unaiona, mingine haina hata uzio wa miti, mbuzi wanapanda na watoto wanateleza juu yake.

Shida kubwa ni kwamba kwa macho ya fundi mchanga huu unavutia. Hauna udongo, hauna mizizi, hauna kokoto, punje zake zimelingana. Saidia fundi hagusi chekeche siku nzima. Mchanga wa mto unatoka mbali, una ushuru njiani, na masika yakichanganya gari halifiki kabisa. Sasa dereva wa kirikuu, kile kigari cha mizigo, anakuja anakwambia, "Fundi, huu ni kumwaga tu, na bei yake karibu nusu." Mtu anayejenga kwa kuungaunga, leo mifuko mitatu ya saruji, mwezi ujao bati tano, akisikia bei hiyo anashukuru Mungu. Simlaumu. Hakuna aliyemwambia kitu.

Ndani ya mchanga huo mna zebaki, kwa sababu mwaloni haikusanywi yote. Zebaki ina tabia ambayo watu wengi hawaijui: hutoa mvuke hata kwenye joto la kawaida la chumbani, bila moto wowote. Mvuke huo hauna harufu wala rangi. Ukivutwa muda mrefu unashambulia mishipa ya fahamu na figo, mikono inaanza kutetemeka, usingizi unapotea, na mtoto ambaye ubongo wake bado unakua ndiye anayeumia zaidi. Mna pia vile vilivyokuwemo kwenye mwamba wenyewe kabla binadamu hajaugusa. Kutegemea ulikochimbwa, miamba ya dhahabu huja na aseniki, risasi na madini ya pairiti. Vikiwa ndani ya jiwe chini ya ardhi vinakaa humo. Ukishalisaga jiwe likawa unga, hewa na maji vinavifikia.

Sianidi, ambayo ndiyo watu wanaiogopa zaidi, kwa kweli jua na hewa huivunja taratibu. Nimesikia wafanyabiashara wakilitumia hilo: "Mchanga umekaa juani mwaka mzima, sumu imeshakwisha." Sianidi inaweza kuwa imepungua sana, ndiyo. Lakini zebaki, risasi na aseniki ni elementi. Jua halizivunji, mvua haizimalizi, mwaka mmoja au hamsini ni mamoja. Tena sianidi inapokutana na marudio yenye zebaki huiyeyusha sehemu ya zebaki hiyo na kuirahisishia kusafiri na maji. Ndiyo maana Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ambao Tanzania imeuridhia, unataka nchi wanachama zichukue hatua kukomesha uchenjuaji wa marudio yenye zebaki kwa sianidi kabla zebaki haijatolewa kwanza. Kazi hiyo hiyo inayotakiwa kukomeshwa ndiyo inayotuletea mchanga wa plasta.

Nitaje nyumba moja. Mama mmoja aliniita nikamtazamie ukuta wa chumba cha watoto. Nyumba ilikuwa haijamaliza hata misimu miwili ya mvua. Chini ya dirisha plasta ilikuwa imetoa madoa ya rangi ya kutu, yanatiririka kwenda chini kana kwamba kuna msumari umeoza ndani. Pembeni ya madoa kulikuwa na unga mweupe kama chumvi. Nikagonga kwa mpini wa mwiko, ukuta ukalia utupu kutoka dirishani hadi kwenye kona. Nikalowesha mahali pamoja na kubandua kipande cha ukubwa wa kiganja. Ukikigeuza juani, ndani rangi yake ni kijivu iliyoiva, na kuna vipunje vidogo vya njano vinavyometameta. Nikamuuliza, "Mama, mchanga mlitoa wapi?" Akasema, "Fundi aliyejenga ndiye aliyeagiza, alisema ni mzuri kuliko wa mtoni."

Vile vipunje vya njano ni pairiti, chuma kilichoungana na salfa. Pairiti ikipata unyevu na hewa inatoa asidi na kutu. Asidi inaila saruji, salfeti zinazotokea zinavimba ndani ya plasta na kuibandua ukutani. Kwa hiyo hata kama mtu haamini habari za zebaki, ajue tu kwamba analipia ukuta ambao utamdondokea. Lakini mimi kilichonitia uchungu siku ile hakikuwa plasta. Sakafu ya chumba ilikuwa ya mchanga huo huo, imeanza kutoa vumbi, na mtoto wa kutambaa alikuwa hapo anachezea yale magamba ya ukutani, mengine yakienda mdomoni. Vumbi la plenti ni jiwe lililosagwa laini sana. Hata lingekuwa halina chembe ya sumu, vumbi la mawe yenye silika likiingia mapafuni halitoki. Wachimbaji wetu wanalijua hilo kwa vifua vyao.

Nilikwenda kwenye ofisi moja inayohusika, sitaitaja, kueleza nilichokiona. Nilipokelewa vizuri, nikaambiwa mchanga wa ujenzi si eneo lao na mabaki ya madini si eneo langu. Nikaelekezwa ofisi nyingine, huko nikaambiwa nilete malalamiko ya mwenye nyumba kwa maandishi. Mwenye nyumba naye anaogopa kuandika kwa sababu mwenye plenti ni jirani na ndiye anayemwajiri kijana wake. Hapo ndipo jambo lilipoishia, na ndipo nilipoamua kukuandikia wewe, Mhariri.

Wako watakaosema natia watu hofu kwa jambo la kijijini. Naomba wasome yaliyotokea Marekani, katika mji wa Grand Junction, jimbo la Colorado. Mwaka 1951 kampuni moja ilifungua hapo kiwanda cha kuchenjua urani, madini yenye mionzi, na kilifanya kazi hadi 1970. Mabaki yake yalikuwa mchanga laini, msafi, uliolingana punje, na makandarasi wa mji waliupenda kama wanavyoupenda wetu hapa. Kiwanda kiliutoa bure. Kwa miaka kama kumi na tano, hadi 1966, watu walikuja na malori yao wakajichotea maelfu kwa maelfu ya tani. Wakaufukia chini ya misingi, wakachanganyia zege na mota ya kujengea, wakatandika chini ya njia za miguu, wengine wakamwaga kwenye bustani. Zilijengwa nyumba, shule, makanisa na maduka.

Kiwanda kilikuwa kinatoa urani tu. Rediamu na thoriamu, ambazo ndizo zenye sehemu kubwa ya mionzi iliyokuwemo kwenye jiwe, zilibaki kwenye mchanga. Rediamu inapovunjika yenyewe taratibu hutoa gesi iitwayo radoni. Gesi hiyo inapenya kwenye sakafu na kujikusanya ndani ya nyumba, haionekani wala hainuki, na Shirika la Afya Duniani linaitaja kuwa miongoni mwa visababishi vikuu vya saratani ya mapafu baada ya sigara. Rediamu huchukua miaka ipatayo 1,600 kupungua nusu yake. Mama aliyekuwa akipika jikoni kwake Grand Junction alikuwa juu ya chanzo ambacho kingewazidi umri wajukuu wa vitukuu vyake.

Serikali ya Marekani ilianza kuingilia mwaka 1972, ikatunga sheria kamili ya mabaki ya urani mwaka 1978, na kazi ya kubomoa sakafu, kuchimbua misingi na kuhamisha mchanga iliendelea hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Zaidi ya nyumba na majengo 4,000 yalisafishwa katika mji huo mmoja. Lundo lililokuwa kando ya Mto Colorado lilihamishiwa kwenye shimo maalumu nje ya mji. Sehemu ya shimo hilo iliachwa bila kufungwa, kwa sababu kila wanapochimba mtaro wa bomba au kukarabati barabara bado wanaukuta mchanga ule. Hiyo ni nchi tajiri, yenye vipimo na kumbukumbu za kila kiwanja. Kwetu, gari la kirikuu likishamwaga mzigo hakuna risiti. Baada ya miaka ishirini nani atajua ni nyumba ipi ina nini?

Katika nchi hiyo hiyo, kwenye ardhi ya Wanavajo, wenyeji asilia wa huko, ambako urani ilichimbwa kuanzia miaka ya 1940 hadi miaka ya 1980, watu maskini walijengea nyumba zao mawe na mchanga wa migodi iliyoachwa kwa sababu ulikuwa karibu na haukuwa na mwenyewe. Baadhi ya nyumba hizo zimelazimika kubomolewa na kujengwa upya. Sababu yao ilikuwa ile ile ya mtu wetu anayejenga kwa kuungaunga.

Naitaja urani kwa makusudi. Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mtambo wa majaribio wa kuchenjua urani wa mradi wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma. Sina ugomvi na mradi. Taifa linahitaji mapato na vijana wa Namtumbo wanahitaji kazi. Lakini mradi ukikua kutakuwa na mabaki, na mabaki hayo yatakuwa mchanga laini unaovutia macho ya fundi. Tume ya Nguvu za Atomi, inayosimamia mambo ya mionzi, ipo na wataalamu wanao. Wakati wa kuwaambia mafundi, wafyatua tofali na madereva wa Namtumbo na Songea kwamba mchanga ule hauguswi ni sasa, kabla ya tripu ya kwanza. Waambiwe kwa mikutano ya vijiji na redio za mkoani, kwa sababu fundi hasomi ripoti ya tathmini ya mazingira iliyoandikwa kwa Kiingereza na kufungiwa kabatini.

Nisieleweke vibaya: sipingi kila kifaa cha ujenzi kinachotokana na mabaki ya viwanda. Mfuko wa saruji ulioandikwa CEM II ambao tunautumia kila siku si klinka tupu, yaani ule unga wa msingi wa saruji. Viwango vinaruhusu mpaka asilimia 35 ya vitu vingine, na duniani vitu hivyo ni pamoja na majivu ya makaa ya mawe na mabaki ya tanuri za chuma. Zege la namna hiyo likitengenezwa vizuri hustahimili maji ya chumvi kuliko saruji ya kawaida. Mabaki hayo yanapopimwa kiwandani, yakajulikana yana nini na kwa kiasi gani, na Shirika la Viwango likaweka alama yake, mimi nayatumia kwa moyo mweupe. Mtu akija kesho na tofali lililopimwa, lenye hati, nitalijenga. Mchanga wa plenti haujapimwa na mtu. Hata anayeuuza hajui ulitoka kwenye duara gani, maana marudio ya maduara mengi yanachanganywa kwenye tangi moja.

Nayo madai kwamba saruji "inafunga" sumu nayasikia sana, hasa kwa wafyatua tofali. Kuna ukweli kiasi. Saruji nyingi iliyochanganywa kwa vipimo inaweza kushika baadhi ya metali zisitoke upesi. Lakini sote tunajua tofali za mtaani zinavyofyatuliwa: mfuko mmoja unatoa tofali mpaka fundi mwenyewe anaona aibu kuzihesabu, na maji yanamwagiwa siku mbili badala ya wiki. Ukilisugua tofali hilo kwa kidole linaacha mchanga mkononi. Halifungi chochote. Na mvuke wa zebaki hauombi ruhusa kwenye plasta yenye matundu.

Ninayoyaomba yanawezekana. Tume ya Madini, inayowapa leseni wenye plenti, iweke sharti linalosomeka wazi kwamba mabaki hayatoki nje ya eneo la leseni kwa matumizi ya ujenzi, na anayeyauza anyang'anywe leseni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka taka hatarishi zishughulikiwe kwa kibali. Mamlaka ya serikali inayosimamia mazingira itamke hadharani kwamba marudio yenye zebaki na sianidi ni taka za aina hiyo, ili afisa wa halmashauri asipate pa kunirushia mpira. Milima iliyokwishaachwa izungushiwe uzio na kufunikwa udongo. Mkemia Mkuu wa Serikali na Taasisi ya Jiolojia pale Dodoma wana maabara. Wachukue sampuli kwenye nyumba zetu, si kwenye milima peke yake, na majibu yasomwe kijijini. Huku Rwamagasa, miaka ya mwanzoni mwa 2000, mradi wa zebaki wa Umoja wa Mataifa ulileta watafiti wakapima wachimbaji na mazingira yao. Kwa hiyo kupima kunawezekana. Kilichobaki ni mtu kuamua kwamba sakafu ya mtoto nayo ipimwe.

Na halmashauri zitusaidie kwenye mchanga wa mto. Tukifunga mlango wa plenti bila kufungua mwingine, watu watarudi usiku na makoleo. Yatengwe maeneo halali ya kuchota mchanga, ushuru upungue kwa anayejenga nyumba ya kuishi, na barabara ya kufika huko ipitike masika.

Kwa wenzangu ambao tayari wanaishi kwenye nyumba za mchanga huo, nawasihi msibomoe kwa pupa. Kubomoa kavukavu ndiko kunakorusha vumbi lote hewani. Msifagie sakafu kavu, deki kwa tambara la maji. Watoto wasichezee magamba ya plasta wala wasilale chini bila kitu. Sakafu inayotoa vumbi ipakwe tabaka la saruji nzuri na mchanga wa mto juu yake, angalau kwa sasa. Fungueni madirisha mchana. Ukuta wa kubandua uloweshwe kwanza, anayeubandua avae kitambaa puani na aoge kabla ya kumbeba mtoto, na kifusi kisimwagwe kwenye bustani ya mchicha wala karibu na kisima.

Kwa mafundi wenzangu: muulize dereva mchanga umetoka wapi kabla hajafungua ubao wa nyuma. Chukua kiganja, uloweshe, uangalie. Mchanga wa mto una punje za kila ukubwa na umeviringika. Wa plenti ni kama unga, una rangi moja, ukikauka unashikamana mabonge, na mara nyingi unametameta njano. Ukiwa na shaka, urudishe. Mimi nimepoteza kazi mbili kwa kuukataa, mteja mmoja akaita fundi mwingine siku hiyo hiyo. Yule mwingine akikataa naye, na wa tatu akikataa, kirikuu litageuza.

Mama wa chumba cha watoto tulimpigia plasta upya kwa mchanga wa mto, nami sikuchukua hela ya ufundi. Kipande nilichobandua nimekihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko. Kama yuko mtaalamu wa maabara yoyote ya serikali aliye tayari kukipima, namba yangu ya simu nimeiacha ofisini kwako, Mhariri, na nyumba nyingine za namna hiyo nitampeleka mwenyewe kwa miguu, wenyewe wakiridhia.

Fundi mwashi,
Katoro, Geita